Noti Moja ya Mama

Baba aliniambia habari za masikio yake Jumapili moja huko Kasungami, huku akimenya karanga, kwa sauti ambayo mtu hutumia kuzungumzia mbolea. La kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilikuwa linalifuata, na daktari hakumficha kwamba halitachukua muda mrefu. Nikaanza kupayuka kuhusu vifaa vya kusikilizia, kuhusu daktari mwingine mjini, na yeye akainua mkono wenye maganda ya karanga ili ninyamaze.

“Acha kwanza,” akasema. “Ile nyimbo ya mama yenu, inaweza kuimba tena? Mashini ilikufa, mais disketi ziko mu sanduku. Weye njo unajuaka mambo ya ordinatere, ya kompyuta. Nataka nimusikie mama yenu mbele masikio ifunge. Mara moja tu, mais bien, lakini muzuri kabisa.”

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Makomeno, na katika ukoo wetu hiyo inatosha kunifanya mhandisi. Simu ya mtu ikizama kwenye ndoo ya maji, naletewa mimi. Lakini katika dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba sauti iliyomo kwenye ile disketi si ya mama. Ni yangu.

Zamani tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa karani wa stesheni, upande wa mizigo, na jioni na Jumapili alikuwa mwalimu wa korale, kwaya ya parokia. Wazazi wake walishuka kutoka kaskazini ya Katanga kwa ajili ya reli hiyohiyo, wakaja na dini yao na nyimbo zao, na sisi tukazaliwa ndani ya vyote viwili. Padri mmoja mzungu aliyekuwa akipiga kinanda kanisani aliugua, akarudishwa kwao. Baba alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Luano, akarudi na kompyuta ya yule padri ndani ya katoni ya maziwa ya unga. Ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvutaji, na ilihitaji televisheni yetu iwe kioo chake. Mama hakuzungumza na baba mpaka kesho yake kwa ajili ya televisheni hiyo.

Ndani ya katoni mlikuwa na disketi ya programu ya muziki na waya wenye kipaza sauti. Ngoja nieleze ilivyofanya kazi, maana kila kitu kiko hapo. Unarekodi sauti fupi, sekunde moja, labda na nusu: mtu akiimba “aa”, au chochote kinacholia. Kisha kwenye kioo kuna safu nne za herufi na namba zinazoteremka, na kila mstari unaiambia mashini: chukua ile sauti, ipandishe mpaka hapa, ishushe mpaka pale. Mtu ameimba noti moja tu. Zile nyingine zote mashini inazitoa kwenye hiyo moja. Na faili inabeba vyote, ile sekunde ya sauti pamoja na ile orodha ya noti, kwa hiyo popote unapoipeleka, mtu yule yumo ndani.

Safu nne, sauti nne. Besi alijipa baba mwenyewe. Tenori aliimba jirani yetu, fundi wa breki. Alto alipewa dada yangu mkubwa, yule ambaye mpaka leo namwita yaya. Soprano, sauti ya kwanza, alikuwa mama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikupewa kitu, kwa sababu, alisema baba, sauti yangu ilikuwa bado haijaamua. Nilinuna wiki nzima na hakuna aliyegundua.

Kwenye mlango wa jiko la nje kilining’inia kipande cha reli, urefu wa mkono, ambacho baba alikipiga kwa bolti kubwa kutuita kula na kuwapa waimbaji noti ya kuanzia. Korale nzima ya parokia iliimba kwa noti ya kile chuma. Haikulingana na kinanda cha padri, na baba alishikilia kwamba kinanda ndicho kilichokosea. Siku ya kumrekodi mama, alitoka jikoni na unga wa bukari, ugali wetu, mikononi, akauliza aimbe nini.

“A tu,” baba akamwambia.

“A peke yake? Njo nyimbo gani ile?”

Baba akapiga reli. Kwa kawaida mwimbaji hungoja chuma kinyamaze, lakini mama alikuwa na chungu motoni. Aliimba “aa” yake juu ya mlio uliokuwa bado unazunguka, akacheka, akarudi jikoni. Kicheko nacho kilirekodiwa. Baba alikikata jioni hiyohiyo, kwa sababu kumbukumbu ya mashini haikutosha kwa kuimba na kucheka pamoja. Nikiwaza leo, jambo hilo linanikasirisha kuliko kosa langu mwenyewe, na najua si haki.

Wimbo aliotunga baba ulikuwa wa kuingiza jeneza kanisani. Haukuwa na maneno, maana mashini haikujua maneno, ni “aa” tu za watu wanne zinazopandiana na kuachiana nafasi. Ilimchukua miezi. Ulipokwisha aliwaita korale nzima, wakasimama sebuleni mwetu kofia mkononi mbele ya televisheni.

Baadaye mama alisafiri kwenda kaskazini, kwenye kilio cha msiba wa dada yake. Kwa treni za wakati ule, kwenda na kurudi ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Mchana mmoja baba alikuwa kazini, yaya alikuwa shuleni, umeme ulikuwepo, na mimi nikaiwasha mashini. Nilitaka kitu changu. Nikarekodi kifuniko cha sufuria, nikakiweka mahali pa sauti ya kwanza ili nisikie korale ya baba ikiongozwa na kifuniko, nikacheka mpaka machozi. Programu ikauliza kama nihifadhi. Ikapendekeza jina yenyewe, lilelile la wimbo wa baba, na mimi nikabonyeza kitufe kikubwa cha kulia kama nilivyomwona yeye akifanya kila siku. Disketi ikakoroma, ikanyamaza. Nilipofungua tena, sauti ya kwanza ilikuwa kifuniko cha sufuria, na mama hakuwemo popote.

Baba hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kununa kimya, siku tatu, siku nne, na sisi tungependa fimbo. Nilikuwa na saa tatu kabla hajarudi. Nikachukua kipaza sauti nikaimba “aa” kama mama. Mara ya kwanza nilisikika kama mbuzi. Mara ya kumi nilisikika kama mimi. Nikakumbuka alivyosimama, mikono mbele ili unga usimdondokee nguoni, nikasimama vile, na mara ya ishirini na ngapi sijui ikatoka sauti iliyonitisha. Sikupiga reli, majirani wangekuja kuuliza kwa nini tunakula mapema. Noti nilikuwa nayo kichwani, kama kila mtoto wa nyumba ile. Nikaiweka mahali pa kifuniko, nikahifadhi, nikazima.

Baba aliporudi aliupiga wimbo wake kabla hata ya kuvua viatu. Nilisimama nyuma yake.

“Leo mama yenu haiko na haraka,” akasema, akatabasamu.

Na nitasema kweli: nilifurahi. Nilisimama pale na hatia yangu yote na bado nilivimba kichwa, kwamba nimeimba soprano kwenye korale ya baba na hakuna kosa lililosikika.

Nilipanga kumwambia mama akirudi. Angenizaba kofi moja, angecheka, angeimba “aa” nyingine, na tungeibadilisha baba asijue. Ulikuwa mpango mzuri. Mama alirudi na homa aliyoitoa huko alikokwenda, akalala wiki mbili, na chumba chake hakikuwa chumba cha kuingia na kipaza sauti. Tulimzika mvua zikiwa ndiyo zimeanza. Hakuacha kanda, hakuacha video ya harusi ya mtu yeyote ambayo anasikika hata akiomba chumvi. Aliacha picha sita, na ile “aa”, ambayo wote waliamini ni yake.

Kuanzia hapo baba aliupiga wimbo kila Jumapili baada ya misa. Mama za korale walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakajifuta macho kwa ncha za vitenge. “Eh, njo yeye kabisa!” walisema, kwamba ndiye yeye hasa. Mmoja alinishika shavu akaniambia nina bahati, kwamba mama yake yeye alikwenda na sauti yake. Mimi nilikuwa nagawa chai. Mwaka wa kwanza ningeweza kusema. Wa pili ingekuwa vigumu. Baada ya hapo ile siri ilikuwa nzito mno kwangu kuinua, nikaizoea, jinsi mtu anavyozoea jino bovu na kutafunia upande mwingine.

Kisha umeme ulirudi kwa nguvu adhuhuri moja baada ya kukatika siku mbili, na mashini ikatoa moshi. Baba aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga tena kwa bisibisi skrubu moja moja. Hakulia. Baadaye kazi ya reli nayo ikaisha, tukatolewa kwenye nyumba ya kambi, na yeye akahamia Kasungami kulima mahindi. Alihama na vitanda viwili, sanduku la chuma, na kile kipande cha reli, ambacho alikitundika tena mlangoni mwa jiko ingawa hakukuwa na wa kumwita.

Basi, baada ya ile Jumapili ya karanga, nilirudi kwake nikamwambia anipe disketi. Alitoa ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akaondoa vitabu vya nyimbo, akanipa disketi nyekundu ambayo ningeijua hata gizani. Juu yake aliandika kwa mkono wake wa kikarani: ORIGINAL. Nilidhani yamekwisha. Akaingiza mkono tena chini, akatoa bahasha ya kahawia iliyogandishwa kwa gundi, imeandikwa DOUBLE, na tarehe ambayo ilikuwa miezi mitatu kabla ya mama kusafiri.

Nikamwuliza ni nini, na sauti yangu ikanisaliti, lakini kwa masikio yale hakugundua.

“Njo kopi,” akasema. “Ile siku nyimbo ilimalizika, nilifanya double. Shi unajua kazi yangu?”

Najua kazi yake. Karani wa mizigo aliandika kila hati juu ya karatasi ya kaboni. Original ilisafiri na behewa, double ilibaki kwenye kabati ya stesheni, na double haikuguswa na mtu ila kama original imepotea. Kwa baba hiyo haikuwa sheria ya ofisi tu. Vyeti vyetu vya ubatizo vilikuwa na double. Barua alizomwandikia mama wakichumbiana zilikuwa na double, nimeziona.

“Na haukufunguaka hata siku moja?”

“Juu ya nini nifungue? Double ni ya siku original itapotea. Original haikupotea.”

Haikupotea kwa sababu mimi nilihakikisha haionekani kwamba imepotea. Kama mchana ule ningelia na kusema baba, nimemfuta mama, angenuna siku nne, kisha angefungua bahasha, na mama angerudi mahali pake ndani ya dakika tano. Kwa miaka thelathini na kitu alilala mzima chini ya vitabu vya nyimbo, hatua nne kutoka kwa mumewe, na mumewe hakumgusa kwa sababu ni mtu mwaminifu. Nilizitia disketi zote mbili kwenye mkoba na sikumbuki nilivyofika barabarani.

Kwenye kibanda nina kisomeo cha disketi cha kuchomeka, nilichonunua kwa ajili ya wazee wa ofisini ambao bado wana barua zao humo. Kwenye kompyuta yangu niliweka emuleta, yaani programu inayoifanya mashini ya leo ijifanye ile ya zamani. Inakuuliza kila kitu: ijifanye mashini ipi, yenye kumbukumbu kiasi gani, itembee kwa hertzi hamsini au sitini. Ukikosea hapo wimbo unakwenda mbio na watu wanaimba kama wanakimbizwa. Nikaweka hamsini, kama mashini ya padri. Kioo kikageuka kijani kilekile cha zamani. Hata mkoromo wa disketi emuleta inauigiza, ingawa hakuna kinachozunguka. Original ikasomeka mara ya kwanza, na mtoto wa miaka kumi na tatu akaanza kuimba kwa utulivu wa uongo. Nikazima haraka.

Double ilikataa. Nilisogeza kile kimlango chake cha bati, nikapangusa kwa pamba na spiriti, nikazungusha kwa kidole, nikajaribu, nikapangusa tena. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake akingoja fotokopi. Nilimwambia mashini ina joto. Mara ya saba ikasomeka yote, nikainakili kwenye kompyuta pamoja na ile original. Nikavaa visikilizio.

Mwanamke nisiyemjua akaniimbia masikioni. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, yenye mkwaruzo mdogo, tena ya haraka, inaanza kabla ya wakati. Nilingoja. Nilidhani damu itamjua hata kama kichwa hakimjui. Haikumjua. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu ikiitwa mama kwa muda mrefu mno, mpaka mama mwenyewe akawa mgeni. Ndipo nikasikia kitu kingine: chini ya kila noti kulikuwa na mlio mwembamba wa chuma, unaopanda naye na kushuka naye. Ilikuwa reli ya jikoni, ile ambayo hakuingoja inyamaze. Niliinamisha uso juu ya mashini ya fotokopi nikalia, na mteja akasema atarudi kesho.

Uamuzi wangu ulikuwa mwepesi, au nilidhani. Baba anataka kumsikia mkewe kabla masikio hayajafunga. Nitampa mkewe. Akishamsikia, nitamwambia nilichofanya, anune atakavyo.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amevaa shati la misa na ameweka kiti uani karibu na mlango wa jiko. Yaya naye alikuja. Alikuwa ndani anasonga bukari. Nikaweka kompyuta juu ya stuli, spika ndogo karibu na sikio la kulia, nikaanzisha double. Baba alifumba macho. Ikapita mistari minne, minane. Akafumbua.

“Uyu ni nani?”

“Ni mama, papa.”

“Hapana.” Hakukasirika. Alinitazama kama ananionea huruma. “Mashini yako inaharibu. Mama yenu hana kengele mu sauti.”

Nikamweleza kuhusu kengele. Nikapaza sauti mpaka yaya akachungulia: ni reli, papa, ile siku hakungoja, alikuwa na chungu motoni, unakumbuka? Nikanyanyuka, nikachukua bolti, nikaipiga reli pale mlangoni. Ikalia. Nikaanzisha wimbo tena juu ya mlio wake, na kwenye noti ya kuanzia zikalingana kabisa, chuma cha mlangoni na chuma cha ndani ya sauti ya yule mwanamke, bila tofauti hata ya unywele. Baba alisikiliza vyote viwili. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza hivyo. Akatikisa kichwa polepole.

“Reli ni ya kwetu, njo ile, siwezi kukatala. Mais uyu mwanamuke, hapana. Nilimuoa mama yenu, nitashindwa kumujua? Labda ni mumoja wa korale, tulijaribu bengi. Weka original.”

“Papa, original—”

“Weka original, mwana yangu. Nimechoka.”

Nikaiweka. Sekunde moja tu na uso wake ukafunguka. Akaingia na besi yake, sauti imekauka lakini noti ziko mahali pake, na mkono wake wa kulia ukawa unapiga mdundo juu ya goti kwa upole, kama mtu anayempapasa mwingine mgongoni. Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha vile tangu kambi ya reli. Nami nilikuwa nimepiga magoti kando ya kiti chake, na wimbo ulipofika katikati nikasema yote: kifuniko cha sufuria, kitufe, mara ishirini na ngapi sijui, kwamba huyo unayeimba naye ni mimi. Nilisema polepole na kwa maneno kamili. Nilikuwa upande wa kushoto, wa sikio lililokufa. Nilijua niko upande wa kushoto wakati napiga magoti, na sikuhama.

Wimbo ulipokwisha akanigeukia.

“Ulikuwa unaniambia nini?”

“Nilikuwa naomba tu, papa.”

“Muzuri. Siku ya kunizika, mutapiga hii. Wakati naingia kanisa, mama yenu aniitike. Unanisikia? Unaapa?”

Niliapa. Kisha akaniomba nirudishe double ndani ya bahasha na niigandishe vizuri, maana original imeonekana iko salama. Yaya akaleta gundi. Niliigandisha mbele yake, akaikagua pembe zote, akaiweka chini ya vitabu na kufunga sanduku.

Sikio la kulia halikupata nafasi ya kufa. Yeye alitangulia, katikati ya kiangazi, kwa moyo, akiwa amelala mchana. Nilihamishia emuleta kwenye simu yangu, hertzi hamsini, nikazungumza na padri, naye akaunganisha simu na spika za kanisa. Jeneza lilipofika mlangoni mzee mmoja wa korale akapiga kipande cha reli tulichokileta kutoka Kasungami, nami nikabonyeza.

Sauti yangu ikajaa kanisa zima. Sijui niseme nini kingine kuhusu dakika zile. Baba aliimba besi kutoka ndani ya simu na kwa wakati huohuo alikuwa anapita mbele yangu kwenye mabega ya watu. Mama za korale, wale wachache waliobaki, walipiga magoti. “Anakuya kumupokea,” mmoja alisema kwa sauti, na wengine wakaitikia ndiyo, ndiyo, anakuya. Nilitazama sakafu. Nilifikiri kama kuna mahali ambapo yule mwingine yuko, yule wa mkwaruzo na haraka, basi leo alisikia mumewe akiitikiwa na mtu mwingine, kwa mara ya mwisho, na mimi ndiye niliyeishika simu.

Baada ya makaburi yaya alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya hema la kilio. Akakaa, akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini alikuwa ametulia.

“Nilikuwa nimemusahau mama,” akasema. “Kweli, nilikuwa naogopa hata kusema. Uso wake niko naona ku picha, mais sauti ilikuwa imeniponyoka. Leo nimeisikia, nimeikumbuka yote. Njo yeye kabisa. Unitumie ku telefone yangu, niwe nasikiliza.”

Nilikuwa na faili zote mbili kwenye simu, moja juu ya nyingine, double na original. Kidole changu kilikaa juu ya double muda mrefu, mpaka yaya akauliza kama hakuna mtandao.

“Iko, yaya,” nikasema, nikamtumia original.